Jiwe Lililoshuka Bertrams

Jumatatu ya pili ya Agosti, saa moja na nusu asubuhi, Joséline alipofika kufungua saluni yake pale Bertrams alikuta foleni ya wawili. Wa kwanza alikuwa Mamie, aliyetaka kusukwa kabla ya kwenda kazini. Wa pili alikuwa jiwe. Lilikuwa la rangi ya kutu, kubwa kiasi cha friji iliyolazwa, na lilikuwa limekaa kando kidogo ili mlango upate nafasi ya kufunguka.

"Lilinikuta hapa," alisema Mamie. "Nimeliambia miye ndiye wa kwanza."

Joséline aliliangalia. Ubavuni palikuwa na herufi nyekundu zinazong'aa: CÉDRIC – KARATASI. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Rangi nayo aliijua, ilikuwa rangi ya kucha ya saluni yake, namba kumi na nne, ile inayoisha haraka msimu wa harusi. Alifungua mlango, akamkalisha Mamie, akaanza kazi. Alipofika mstari wa tatu wa kusuka ndipo aliposema, "Mana yanje," yaani Mungu wangu kwa Kirundi, kisha akaendelea na mstari wa nne.

Joséline alikuwa Mrundi wa Rumonge, mwaka wa tisa Johannesburg, na kila Jumapili alfajiri aliongoza kundi la watu kumi na tisa, Warundi na Wakongo, kupanda kusali kwenye kilima kilicho juu ya mtaa. Kilima kile ni hifadhi. Bango la getini lina jina refu la Kiingereza, lakini wenye Kiswahili wote wanakiita Kilima cha Pimbi, kwa sababu pimbi wa pale ni wengi na hawana adabu, wanamtazama mtu anayefunga mpaka anakumbuka chakula. Kuna nyasi ndefu, mishubiri inayotoa maua mekundu wakati wa baridi, na mawe ambayo yalikuwepo kabla ya dhahabu kujulikana.

Kwa Joséline kilima kile hakikuwa cha matembezi. Chumbani kwake akisali kwa sauti, jirani aligonga ukuta. Kanisani walipopanga, mwenye ukumbi aliwapa saa moja na nusu, akakaa mlangoni na funguo mkononi. Juu ya kilima tu ndipo alipoweza kumlilia Mungu mpaka sauti ikakauka, akashuka mwepesi, akasuka watu wiki nzima akicheka. Alikipenda kilima kile kuliko alivyoipenda nyumba yoyote aliyopanga.

Kundi lilikuwa na desturi yake. Mwenye haja aliandika jina lake kwa mkaa juu ya jiwe, basi. Mvua ikija kulifuta, wanajua limesomwa. Kwa miaka mingi mkaa ulitosha. Watu walipata kazi, watoto walipata shule, na kuna mzee mmoja alipata meno. Lakini Cédric, fundi cherehani kutoka Uvira, alikuwa na karatasi ya muda aliyokuwa akiiongezea miezi kwa miaka minane, na kila alipoandikwa kwa mkaa, ngurumo ya kwanza ilimfuta. Joséline alifikiri, akaona kosa liko wapi. Haja ya ofisi ya wakimbizi ni ndefu, na mkaa unafutika kabla afisa hajafika kwenye jina. Basi Jumapili moja ya mwezi wa saba alipanda na chupa ya rangi ya kucha, akapaka mara mbili, akasubiri ikauke. Wiki tatu baadaye Cédric aliitwa, akapewa karatasi ya ukimbizi yenye muhuri. Hakuna aliyeshangaa. Walishangaa tu kwamba hawakulifikiria mapema.

Mchana wa Jumatatu ile Thierry alipiga simu. Thierry alikuwa Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa geti la hifadhi, na Jumapili alizokuwa zamu aliitikia "Amina" kutoka kibandani.

"Mama Joséline, iko jiwe moja kwako?"

"Liko. Limekaa vizuri, halina maneno."

"Bon. Juu hapa iko mashimo kumi na moja. Ingine kumi imeenda Randburg, kwa bale batu ba kampuni."

Watu wa kampuni walikuwa wamekuja Ijumaa, thelathini na wawili, fulana moja, kofia moja, kwa ajili ya siku yao ya kujenga umoja. Walileta makopo ya rangi ya kupuliza. Mchezo ulikuwa kwamba kila meza ya ofisini ichague jiwe na kuandika juu yake lengo la mwaka. Baada ya malengo walichonga mioyo kwenye majani ya mishubiri, wakavunja mshubiri mmoja mrefu ili wapige picha wakiwa wameubeba begani, wakamkimbiza pimbi mwenye mimba. Thierry aliwaambia mara mbili kwamba hairuhusiwi. Kiongozi wao alimpiga begani akamwambia, "Sharp, kaka, kamati ya kilima inatujua." Kwenye daftari la wageni aliandika Kundi, 32, akatia sahihi iliyofanana na mnyoo.

Mawe yaliondoka kilimani Jumatatu kabla ya mapambazuko. Waliokuwa barabarani waliyaona yakipita Braamfontein upande wa kushoto, kwa mstari. Yalisimama kwenye robot, taa za barabarani, kila ilipokuwa nyekundu, na dereva mmoja wa teksi alipigia la mwisho honi kwa sababu lilichelewa kuondoka. Saa mbili yalikuwa Randburg, na kila moja lilijua mtu wake. Lililoandikwa MAUZO MARA MBILI lilikaa kwenye maegesho ya meneja wa mauzo. Lililoandikwa KUPUNGUZA KILO KUMI lilimsubiri karani wa mishahara mbele ya lifti. Lenye nembo ya kampuni lilikaa mlangoni kabisa, uso kwa uso na mapokezi.

Malalamiko ya siku ile yalihusu maegesho tu. Mlinzi wa jengo aliyabandika mawe stika za wageni. Jumanne mkurugenzi, Bwana Coetzer, alikodi lori la kubeba magari mabovu, yakarudishwa kilimani yote kumi. Jumatano asubuhi yalikuwa Randburg tena, kila moja kwenye nafasi yake, yana vumbi kidogo. Thierry alisema yalisubiri foleni ya magari ipungue, ndipo yakaondoka.

La Bertrams halikurudishwa na mtu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Joséline alilipa lake. Alilitandikia kanga, likawa kiti cha wanaosubiri. Lilikuwa limeshika jua la kilimani, na Agosti ile ilikuwa na upepo wa kukata masikio, kwa hiyo wanawake waliacha viti vya plastiki wakagombania jiwe. Mama mmoja mwenye maumivu ya kiuno aliomba akalie saa nzima, akasuka nywele ambazo hakuwa amepanga kusuka. Biashara ilichangamka.

Barua ilikuja Jumatano hiyohiyo. Mwenyekiti wa kamati ya kilima, Bi. Marlene, alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia aliyeujua kila mmea wa pale kwa jina la ukoo. Alipouona mshubiri uliovunjwa alikaa chini akalia, kisha akafuta machozi, akafungua daftari la wageni amtafute mkosaji. Ijumaa alikuta Kundi, 32, na mnyoo. Jumapili alikuta majina kumi na tisa, kila moja na jina la baba, namba ya simu, mtaa, nyumba, na wengine hata namba ya karatasi zao, kwa herufi kubwa. Mkimbizi wa Johannesburg hachezi na daftari la mlangoni. Amejifunza kwamba siku moja mtu atalifungua, na ni heri akukute umeandika vizuri. Kwa hiyo barua ilienda kwa waliopatikana. Kundi la maombi lilitakiwa kufika mbele ya kamati Jumamosi saa nne, lieleze kwa nini lisifungiwe kilima.

Jioni ile kundi zima lilibanana saluni, watatu wakiwa juu ya jiwe.

"Tuseme hatujui kitu," alisema Mamie, ambaye naye alikuwa wa kundi. "Mawe kumi ni ya kampuni. Ile moja, nani ataiona? Tuweke kanga mpaka chini."

Wengi waliona ni neno la busara. Cédric alisimama.

"Mama, miye nitasema ni miye niliandika. Jina ni langu."

"Wewe? Na karatasi yako ingali na joto la muhuri?" Joséline alimvuta akae. "Watakuuliza karatasi, uwape karatasi, halafu waiandike kwenye karatasi nyingine. Kaa."

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza Cédric.

Joséline aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Akisema kweli, kilima kingeweza kuondoka, na bila kilima hakujua angeweka wapi yale yote aliyokuwa akiyapeleka kule kila Jumapili. Lakini aliona pia kwamba akilikana jiwe, atakuwa amekana na jibu lake. Huwezi kumwambia Mungu asante asubuhi, na saa nne ukasema si wewe uliyemwandikia.

"Nitasema jiwe ni langu," alisema. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

"Kamati haiko Mungu, Mama," alisema Mamie, lakini alisema polepole, na mwisho ndiye aliyechagua wimbo wa kufungia.

Jumamosi walikwenda wote, wamevaa kama siku ya ubatizo. Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo chini ya kilima, chenye ramani ya ndege ukutani. Bwana Coetzer alikuja na wakili na sahani ya biskuti, akazipitisha kwa kila mtu, hata kwa Thierry aliyeitwa kama shahidi. Zilikuwa biskuti nzuri.

Bi. Marlene alimwuliza mkurugenzi habari ya rangi. Bwana Coetzer alisema kampuni yake kweli ilifanya zoezi la malengo, lakini kwa kadi. Mawe yaliwafuata kwa hiari yao, na hajui sheria inayolikataza jiwe kupenda mahali. Bi. Marlene aliuliza majina ya wale thelathini na wawili. Wakili alijibu kwamba habari za wafanyakazi ni siri, ila idadi yao iko daftarini, na ni sahihi. Thierry aliulizwa kama aliwaona wakipuliza rangi.

"Niliwaona, Madame. Niliwakataza mara mbili."

"Uliandika mahali popote?"

Thierry hakuwa ameandika. Daftari lilikuwa na nafasi ya jina, saa na gari, halikuwa na nafasi ya mlinzi.

Ndipo Joséline aliposimama. Kiingereza chake kilikuwa cha saluni, lakini kilitosha. Alisema jiwe moja ni lake, liko Bertrams, linakula na kulala vizuri. Alieleza habari ya mkaa na mvua, na kwa nini alibadilisha rangi. Alisema hakujua kwamba rangi ya kucha ni kosa lilelile la makopo, lakini sasa anajua, anaomba radhi kwa kilima, na jiwe atalisafisha mwenyewe. Alitoa mkobani chupa ya dawa ya kutolea rangi akaiweka mezani karibu na biskuti.

Bi. Marlene alivua miwani. Alisema amekaa kwenye kamati miaka kumi na moja, na ni mara ya kwanza mtu kusimama mbele yake akasema ni mimi. Alimshukuru Joséline kwa moyo wote, akamshika mkono, kisha akavaa miwani na kuandika jina lake kwenye nafasi ya mkosaji, kwa sababu ndilo jina pekee alilokuwa nalo. Fomu haikukubali kuachwa wazi.

Hukumu ilisomwa kutoka kwenye kanuni. Kundi la maombi lisipande kilima mwaka mzima. Kampuni ilipewa cheti cha Rafiki wa Kilima, kwa kuwa ilikubali kuyatunza mawe kumi kwa gharama zake. Bwana Coetzer alisema watayapandia maua pembeni na kuyaacha na rangi zake, kwani zinaendana na jengo. Watu walipiga makofi, na wa kundi nao wakapiga, maana walikuwa wameshakula biskuti.

Iliuma. Joséline alitembea mpaka Bertrams bila kusikia miguu, na mbele ya spaza, kile kiduka cha kona, alisimama akalia waziwazi, mwenye duka akamletea kiti na maji. Aliona ameonewa, na alikuwa ameonewa. Baada ya maji alijipangusa uso, akasema hata hivyo Cédric ana karatasi, akaenda kununua pamba.

Kusafisha kulichukua siku nne na chupa tisa. Namba kumi na nne haitoki kirahisi, ndiyo sababu maharusi wanaipenda. Wateja walisaidia wakiwa wanasubiri, kila mtu herufi yake, na Cédric mwenyewe alifuta neno la mwisho. Jiwe lilipokuwa safi lilibaki kimya siku mbili. Jumapili alfajiri Joséline alilikuta limesogea mpaka ukingo wa barabara, limeelekea kilimani.

Kwao, na kwa Wakongo pia, mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamsindikiza, angalau mpaka njia panda. Kundi zima lilikuja kulisindikiza, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa matamu walipitiliza njia panda, wakapanda nalo, wakiimba, mpaka getini. Jiwe lilikwenda mwendo wa mama mjamzito na halikuomba kupumzika.

Thierry alikuwa zamu. Alitazama jiwe, akatazama kundi, akafunua karatasi ya amri iliyobandikwa kibandani.

"Jiwe ni la hapa, linaingia," alisema. "Mama, weye…"

"Najua. Fanya kazi yako, mwanangu."

"Inaniuma, Mama."

"Na mimi inaniuma. Fungua geti, jiwe limechoka."

Jiwe liliingia. Joséline alibaki nje, mikono kwenye waya, akaliangalia likipanda taratibu kati ya nyasi, likapita mshubiri uliovunjika, likakaa kwenye shimo lake na kujiweka sawa. Pimbi wawili wakalirukia hapohapo. Halafu, kwa sababu ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wamekwisha kufunga, kundi lilisali palepale kando ya barabara, upande wa nje wa uzio, ambapo kanuni za kamati hazifiki. Magari yalipita. Joséline alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, basi moja likapunguza mwendo, abiria mmoja akasema "Amina" dirishani.

Jumapili iliyofuata walikuta jiwe lao limeshuka, limekaa kwa ndani karibu na uzio. Halikuwa peke yake, kulikuwa na mengine saba, safi, yasiyoandikwa kitu. Jumapili ya tatu yalikuwa ishirini na sita, na pimbi juu yake kama watu wa kwaya. Yalisikiliza mpaka mwisho, yakarudi juu kabla ya saa tano. Thierry aliyahesabu kwa kuwa hakuwa na la kufanya, na safari hii aliandika.

Bi. Marlene alisoma alichoandika Thierry, akaenda kujionea, akakuta nyasi zimelala njia nzima yalikopita mawe. Mahali palepale kulikuwa na chipukizi za mishubiri alizopanda mwenyewe, sasa zimepondwa. Alihuzunika kwa haki. Alitaka kujua nani anayahamisha mawe ya hifadhi, na kwenye jalada lake, chini ya nafasi ya mkosaji, kulikuwa na jina moja tu. Barua ilifika saluni Alhamisi. Ilikuwa ya heshima sana. Ilimshukuru tena Joséline kwa ukweli wake, na ikaongeza adhabu iwe miaka miwili.

Joséline aliisoma kwa sauti huku Mamie akiwa kichwa chini kwenye beseni la kuoshea nywele.

"Miwili!" alisema Mamie kutoka kwenye povu. "Na bale ba Randburg?"

"Wamepanda maua. Wanasema yamestawi."

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Kisha Joséline aliikunja barua, akafuta sakafu, akachukua simu kuwajulisha wengine kwamba Jumapili watatoka nusu saa mapema. Mawe yalikuwa yameanza kufika kwenye uzio saa kumi na mbili na nusu, na yeye hakupenda kusubiriwa.